Kutoka Karabai na Tyubu hadi Utepe wa LED: Taa za Usiku Kazimia

Utepe wa LED ni ukanda mwembamba unaokunjika, wenye vijitaa vidogo vilivyopangwa mstari mmoja juu ya njia mbili za shaba, na gundi upande wa nyuma. Tepe za aina ya kawaida hutumia volti 12, umeme uleule unaotoka kwenye betri ya gari. Kwa sababu hiyo zimeingia upesi mahali popote ambapo watu huishi au hufanya kazi mbali na gridi: katika yale magari ya Ulaya yenye kitanda na jiko ndani yake, katika vyumba vinavyowashwa kwa sola, na katika vyombo vya majini. Kwenye Ziwa Tanganyika zimekuta taa mbili za zamani, karabai ya mvuvi na tyubu ya volti 12 ya chumba cha boti. Kuziondoa hizo na kuweka utepe ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa fundi wa Kazimia au wa mji wa Baraka mwenye koleo, mita na chuma cha kulehemia. Kudumu kwa kazi hiyo, hata hivyo, hakutegemei sana vijitaa vyenyewe. Kunategemea betri inayovilisha, nyaya zinazopeleka umeme, na maji yanayotafuta njia ya kuingia.

Kazimia iko kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, katika Teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo, upande wa kusini wa rasi ya Ubwari. Kwa maboti ya mbao yaendayo Baraka upande wa kaskazini na Kalemie upande wa kusini, ni bandari ya njiani. Kwa wavuvi ni kituo chao. Sehemu kubwa ya Fizi haijaunganishwa na nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa hiyo mwanga wa usiku hutoka kwenye paneli za jua, betri na jenereta. Hali hiyo, ambayo kwa mambo mengine ni mzigo mkubwa, imewafanya watu wa pwani hii waizoee volti 12 zaidi kuliko mwenzao wa mjini anayebonyeza swichi ukutani bila kujua kilicho nyuma yake.

Uvuvi wa taa katika ziwa hili ni wa kale kuliko taa yenyewe. Kabla ya karabai, mvuvi aliwasha mwenge wa matete au kuni kwenye pua ya mtumbwi, akasubiri dagaa wakusanyike, akawateka kwa lusenga, wavu mpana wenye mpini mrefu. Katikati ya miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Wavuvi Wagiriki waliokuwa na makao Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, walileta nyavu kubwa za kuzungushia zilizotegemea taa kali, na muda mfupi baadaye ukaanza kuenea ule mtindo wa mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti, wavu ukishushwa katikati yake na kuinuliwa samaki wanapotosha. Upande wa Kigoma chombo hicho huitwa kipe. Miaka ya 1990 vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo, vilivyopewa jina la Apollo, vilionekana upande wa Burundi vikiwa na taa nyingi kuliko zile za mwanzo.

Kinachowavuta samaki ni mfuatano wa chakula. Viumbe vidogo mno vielevyo majini hupanda kuelekea juu usiku. Dagaa, wanaoitwa ndagala pande za Uvira na Bujumbura, huwafuata viumbe hao, na migebuka huwafuata dagaa. Taa huwakusanya wote hao mahali pamoja. Ndiyo maana usiku wa mwezi mpevu uvuvi hudorora: mwanga wa mbalamwezi umetandaa juu ya ziwa zima, na taa ya mvuvi haina giza la kushindana nalo. Wavuvi wengi huvuta vyombo nchi kavu siku hizo, wakashona nyavu na kupumzika.

Karabai ilitawala kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Taa ya Petromax, iliyobuniwa na Max Graetz huko Berlin mnamo 1910, ndiyo mama wa nyingi zilizofuata. Pampu husukuma mafuta ya taa kwa shinikizo la hewa, mafuta hugeuka mvuke, mvuke huwaka ndani ya utambi wa kitambaa chenye madini, na utambi huo hung'aa kwa weupe. Taa kubwa ya aina hiyo hubeba takriban lita moja na kuwaka kama saa nane. Mwanga wake ni mwingi, lakini sehemu kubwa mno ya nishati hupotea kama joto, na sehemu ya mwanga wenyewe hupaa angani ambako hakuna samaki. Hesabu moja inatosha kuonyesha ukubwa wa hasara hiyo. Lita ya mafuta ya taa ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa kumi, yaani usiku kucha, hutumia kilowati-saa 0.1, sehemu moja kwa mia.

Kuna hasara nyingine ambayo haimo katika hesabu. Utambi wa karabai ukishawaka mara ya kwanza huwa majivu yaliyoshikana tu, na tone la maji au mtikisiko wa wimbi huupasua. Kioo cha moto kikipigwa na maji baridi hupasuka. Mafuta yakichanganywa na esansi ya injini, kwa bahati mbaya au kwa tamaa ya muuzaji, taa huweza kulipuka mikononi mwa anayeipampu. Mtumbwi ni chombo chembamba, hakina pa kukimbilia, na ajali ya namna hiyo katikati ya ziwa ni ajali ya watu wote waliomo.

Tyubu ilikuja kwa njia nyingine, kupitia majumbani, vituo vya afya na vyumba vya maboti makubwa. Taa ya tyubu ilianza kuuzwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1938. Ndani ya kioo mna gesi kidogo na mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo huigeuza kuwa mwanga. Lakini gesi hiyo haiwaki kwa volti 12. Kila kasha la tyubu ya betri huwa na kifaa cha kielektroniki, balasti, kinachopandisha volti hizo 12 hadi mamia kadhaa. Mara nyingi balasti ndiyo hufa kwanza, si kioo. Betri ikilegea, tyubu hupepesa na kushindwa kuwaka, ncha zake huwa nyeusi, na huo mpepeso wenyewe huzidi kuimaliza. Balasti za bei nafuu pia hutoa mvumo unaoingia kwenye redio. Katika eneo ambalo habari za usalama wa barabara na ziwa husikilizwa redioni, kuzima taa ili kusikia habari si jambo dogo.

LED haihitaji gesi wala volti za juu. Ni kipande cha madini ya kielektroniki ambacho hutoa mwanga umeme unapokipitia upande mmoja tu. Nyekundu na kijani zilikuwapo tangu miaka ya 1960 na 1970. Kilichokosekana ni buluu, na bila buluu hakuna nyeupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofumbua tatizo hilo kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Kila kijitaa cheupe katika utepe ni cha buluu kilichofunikwa na unga wa njano. Rangi hizo mbili zikichanganyika jicho huona nyeupe. Ile manjano inayoonekana juu ya kijitaa kikiwa kimezimwa ndiyo unga huo.

Fundi akiutazama utepe wa volti 12 kwa karibu ataona vijitaa vimepangwa vitatu vitatu, na kila kundi lina rezista moja, kipande kidogo cheusi chenye tarakimu. Baada ya kila kundi pana alama ya mkasi yenye vidoa vya shaba. Utepe hukatwa hapo tu. Katika utepe wenye vijitaa 60 kwa mita, alama hizo huwa kila sentimita 5. Mpangilio huu unastahili kueleweka vizuri, kwa sababu ndani yake mna jibu la malalamiko mengi ya watu wanaosema LED haidumu.

Kijitaa cheupe huhitaji volti 3 na ushei. Vitatu kwa pamoja hutwaa karibu 9.5. Betri ikiwa na 12 kamili, hubaki 2.5 zinazomezwa na rezista, na rezista ndiyo inayoamua mkondo kiasi gani upite. Sasa boti likiwa safarini, injini ikizungusha alteneta, volti hupanda hadi 14.4. Vijitaa bado hutwaa zilezile 9.5 au zaidi kidogo. Ziada yote huangukia rezista, ambayo sasa ina karibu 4.9 badala ya 2.5. Mkondo umekaribia kuongezeka maradufu. Utepe hung'aa kuliko kawaida, mwenye boti hufurahi, na baada ya miezi michache vijitaa huanza kufifia na kuzimika kundi baada ya kundi. Betri inaposhuka hadi volti 11 mambo hugeuka: rezista hubaki na 1.5 tu, na mwanga hupungua sana ingawa betri haijafa.

Kwa hiyo boti lenye injini na alteneta lahitaji kidhibiti volti kati ya betri na taa, kifaa kidogo kinachopokea volti zinazopanda na kushuka na kutoa 12 zisizobadilika. Aina zinazoweza kupandisha na kushusha pia ni bora zaidi, kwa sababu huulinda mwanga hata betri ikilegea. Mtumbwi wa dagaa una nafuu yake. Betri yake huchajiwa mchana nchi kavu na kuwasha taa usiku ikiwa imetenganishwa na chaji. Huanza na volti 12.7 na kushuka taratibu, haifiki kamwe 14.4 wakati taa zinawaka. Hapo utepe waweza kuungwa moja kwa moja, na pesa za kidhibiti zikatumiwa kununua waya mnene.

Kubadili kasha la tyubu huanza kwa swali moja: kasha hilo linalishwa na nini? Tyubu nyingi za dukani na za mahoteli huendeshwa kwa volti 220 za jenereta. Utepe wa volti 12 ukiungwa kwenye nyaya hizo huungua papo hapo, na fundi anaweza kupoteza uhai. Mita iamue kabla ya mkono kugusa. Ikiwa ni volti 12, waya hasi wa betri hutolewa kwanza, tyubu hung'olewa kwa kuizungusha robo mzunguko, kisha balasti hukatwa na kuondolewa kabisa pamoja na soketi zake. Kuiacha balasti ndani na kuunga utepe mbele yake ni kosa la kuua utepe, kwa kuwa ile kazi yake ya kupandisha volti ingali palepale. Kasha lenyewe, swichi yake na kifuniko chake cha plastiki hubaki na kutumika.

Bati la ndani la kasha ni hazina. LED haitoi joto mbele kama karabai, lakini hutoa joto nyuma, na joto hilo lisipopata pa kwenda hukifupishia kijitaa maisha. Bati likipanguswa vumbi na mafuta kwa spiriti, utepe ukabandikwa juu yake ukiwa umenyooka, joto hutawanyika vizuri. Kasha la zamani la tyubu mbili za wati 8, zenye urefu wa sentimita 30 kila moja, huvuta zaidi kidogo ya ampea 1.3 likiwaka. Vipande viwili vya utepe wa wati 9.6 kwa mita, vya urefu uleule, huvuta karibu nusu ampea. Mwanga wa jumla hauko mbali na ule wa kwanza, maana tyubu hutupa nusu ya mwanga wake nyuma kwenye kasha, ilhali utepe huutupa wote mbele. Nyaya hulehemiwa kwenye vidoa vya shaba, nyekundu kwa alama ya kujumlisha na nyeusi kwa alama ya kutoa. Zikigeuzwa, utepe hauwaki tu; zikirudishwa sawa huwaka. Vibanio vya plastiki vinavyouzwa ili kuepuka kulehemu vinafaa kwenye duka la nguo. Kwenye chombo kinachotikisika usiku kucha hulegea.

Taa ya uvuvi hutaka ubunifu zaidi, kwani haina kasha la kuanzia. Njia nyepesi ni kuuzungusha utepe kwenye kipande cha bomba la alumini, kuulehemu, kuuingiza ndani ya chombo kinachopitisha mwanga, na kukiziba. Taa hiyo huning'inizwa juu ya maji kwenye mti uleule uliobeba karabai, ikiwa na kofia ya bati nyuma yake ili mwanga wote ushuke. Hapa LED ina faida ambayo karabai haikuwa nayo hata siku moja: yaweza kuzamishwa. Mwanga unaotoka hewani kwenda majini hupoteza sehemu yake usoni mwa maji, hasa mawimbi yanapocheza. Ulio ndani ya maji haupotezi. Lakini taa ya kuzamishwa hubanwa na maji, shinikizo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila mita 10, na chupa nyepesi husinyaa na kupasuka mdomoni. Nusu mita au mita moja inatosha kwa taa ya kujitengenezea.

Betri hupimwa kwa hesabu, wala si kwa bei ya sokoni. Chukua chombo chenye taa nne za wati 10. Jumla ni wati 40, zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 3.3, na kwa saa kumi za usiku ni ampea-saa 33. Betri ya risasi na asidi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ikikaushwa kila usiku, huisha baada ya miezi. Hivyo betri inayofaa ni ya ampea-saa 70, si ya 35. Betri ya gari, iliyotengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache ya kuwasha injini, hustahimili kazi hii vibaya kuliko ile ya sola yenye bamba nene. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi na ni nyepesi mno kubeba kutoka mtumbwini hadi nyumbani, ila huhitaji chaja yake. Kurudisha ampea-saa 33 kwa siku moja, pamoja na kile kinachopotea njiani, paneli ya wati 150 hivi inahitajika katika jua la kawaida la ziwa, na zaidi ya hapo msimu wa mvua.

Waya ndio mahali ambapo watu hubana pesa na kuzipoteza. Kwa volti 220 waya mwembamba hausumbui sana. Kwa volti 12 husumbua mno, maana kila nusu volti inayopotea ni kubwa ikilinganishwa na 12. Mfano: betri iko katikati ya chombo na taa ziko mita 8 kutoka hapo. Umeme huenda na kurudi, mita 16. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ukipitisha ampea 3.3, hupoteza karibu volti 0.6 katika safari hiyo. Ule wa 2.5 hupoteza chini ya 0.4. Ukikumbuka kuwa rezista ya utepe huwa na volti 2.5 tu za kuchezea, hasara ya 0.6 ni karibu robo ya mwanga. Kuna pia nyaya za alumini zilizofunikwa kwa shaba nyembamba, ambazo zina bei ndogo na hupoteza zaidi. Kisu kikikwangua uzi mmoja na kuonekana weupe chini ya wekundu, ndizo hizo.

Utepe mrefu una hasara yake ndani kwa ndani. Bunda la kawaida ni la mita 5. La aina yenye vijitaa vikubwa, wati 14.4 kwa mita, huvuta ampea 6 likiwaka lote. Likilishwa kutoka upande mmoja, mwisho wake huwa hafifu na mwanzo wake hupata moto. Katika boti lenye paa refu ni vema waya mnene upite sambamba na kulilisha kutoka ncha zote mbili, au kulikata vipande na kila kimoja kupewa waya wake.

Maji ya Tanganyika yanastahili heshima ya pekee. Yanaitwa baridi kwa maana hayana chumvi ya bahari, lakini yana madini mengi: uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama mara sita ya ule wa maji ya Ziwa Viktoria. Tone likiingia kati ya njia mbili za shaba zenye volti 12, mkondo mdogo hupita humo mchana na usiku, na shaba ya upande chanya huliwa taratibu. Fundi akifungua utepe uliokufa hukuta unga wa kijani mahali palipokuwa na shaba. Tepe za nje hutiwa alama: IP65 hustahimili kurushiwa maji, IP67 kuzama kwa muda mfupi, IP68 kukaa ndani ya maji. Alama hiyo hukoma mahali utepe unapokatwa. Kila ncha iliyokatwa na kila kiungo kilicholehemiwa huhitaji kuzibwa upya, kwa silikoni isiyokuwa na asidi. Silikoni inayonuka siki wakati inakauka hula shaba ileile iliyokusudiwa kuilinda, nayo ndiyo inayojaa madukani. Kusi inapovuma kati ya Mei na Septemba na mawimbi kupanda, kazi iliyozibwa vibaya hujulikana.

Kitu kimoja hakina mjadala: fyuzi. Betri ya gari ikigusanishwa waya chanya na hasi hutoa mamia ya ampea, na waya huwa mwekundu kabla mtu hajafika. Chombo ni cha mbao, kimejaa nyavu za nailoni na bidoni za esansi. Fyuzi ya ampea 5 kwa taa nne zilizotajwa, ikiwekwa kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, huukata umeme huo mara moja. Ikiwekwa mbali, karibu na taa, kipande chote cha waya kilicho nyuma yake hakina ulinzi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kilo moja ya unga, na hakuna sababu ya chombo hata kimoja kuondoka Kazimia bila hiyo.

Rangi ya mwanga huchaguliwa kwa kazi. Maji humeza nyekundu kwanza, ndani ya mita chache. Buluu na kijani hufika mbali zaidi, hasa katika ziwa lenye maji maangavu kama hili. Nyeupe yenye ubaridi, ile iliyoandikwa 6500K, ina buluu nyingi na hushuka vizuri. Yenye joto, 3000K, hufanana na karabai na hukomea karibu. Kwa chumba cha kulala abiria mambo ni kinyume, nyeupe yenye joto hupumzisha macho. Nahodha naye ana shida yake. Utepe mkali ukiwekwa mbele yake humpofusha, akashindwa kuona mtumbwi usio na taa ulio mita 50 mbele. Mahali pake pa kuongozea panafaa utepe mfupi mwekundu wenye mwanga hafifu, kwa kuwa macho yaliyozoea giza hayasumbuliwi sana na nyekundu. Taa za njia, nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, zibaki peke yake, zisichanganywe na mapambo ya rangi yanayopendwa siku hizi.

Mwanga wa bei nafuu una uzito wake kwa samaki. Mafuta ya taa yalikuwa gharama, na gharama hiyo ilimzuia mvuvi kuongeza taa ya tano na ya kumi; sola imeondoa kizuizi hicho. Ziwa ni la nchi nne, Kongo ikiwa na asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6, zilizotia saini mkataba wa pamoja Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura ilitokana na mkataba huo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Taa bora ikimletea mvuvi usiku wa gharama ndogo na usalama zaidi, ni neema; ikiwa sababu ya kuvuna dagaa wachanga kwa taa mara tatu ya zile za zamani, kipato hicho kinakopwa kwa watoto wake.

Tyubu zilizong'olewa zisivunjwe wala kutupwa ziwani. Kila moja ina miligramu chache za zebaki, na zebaki ikiingia majini huishia kwenye nyama ya samaki wakubwa. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walilemazwa na samaki wenye zebaki, uliamua katika mkutano wa Novemba 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu vikome ifikapo mwisho wa 2027. Pasipo na kituo cha kuzipokea, njia salama iliyopo ni kuzihifadhi nzima ndani ya boksi lake mahali pakavu. Betri zilizokufa zina risasi na asidi. Zina mnunuzi, na zikae wima zikiwa zimefungwa mpaka atakapofika, mbali na visima na watoto. Zile ambazo bado ni nzima hupata adui wakati wa mwezi mpevu, zinapokaa siku kadhaa bila kazi. Betri ya risasi ikiachwa nusu tupu muda huo, bamba zake huota ukoga mgumu usiotoka, na uwezo wake hupungua mwezi baada ya mwezi. Ijazwe siku ileile chombo kinapovutwa ufukoni, waya zake zitolewe, na iangaliwe kwa mita kabla ya usiku wa kwanza wa giza: ikisoma chini ya volti 12.4, irudi kwenye jua kwanza.